Makato ya mishahara kwenye programu ya uhasibu: Excel na jarida, moduli ya ndani, au programu ya pembeni?

Duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani mjini Tanga lenye watu sita, shule binafsi ya Chumbageni yenye walimu ishirini na watano, hoteli ya Pangani inayoongeza wahudumu msimu wa wageni, shamba la mkonge upande wa Muheza lenye vibarua wanaokuja na kuondoka: wote hawa wana kazi moja kila mwisho wa mwezi. Wakate PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na mkopo wa elimu ya juu kwa usahihi, waandike makato hayo vitabuni, na fedha ya kodi ifike TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla tarehe 7 haijapita. Kinachowakwamisha wengi si kodi yenyewe. Ni swali la wapi hesabu ifanyikie: kwenye Excel kisha jumla ziingizwe vitabuni kwa jarida (ingizo la debiti na krediti), ndani ya moduli ya mishahara ya programu ya uhasibu, au kwenye programu ya mishahara inayojitegemea?

Watu huchagua kwa kuangalia bei au ukubwa wa biashara. Kipimo kilicho bora ni kuangalia wafanyakazi wako wanabadilika mara ngapi na kwa namna gani. Ofisi ya watu thelathini wenye mishahara isiyobadilika ni rahisi kuliko mgahawa wa watu kumi na wawili ambao kila mwezi wawili wanaondoka, watatu wanaingia, na nusu yao wamechukua advansi.

Namba ambazo kila njia lazima izitoe

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane juu ya hesabu. Chukua karani wa kampuni ya uwakala wa mizigo jirani na bandari ya Tanga. Mshahara wake wa msingi ni 800,000, posho ya nyumba 200,000, kwa hiyo ghafi (jumla kabla ya makato) ni 1,000,000.

Mchango wake wa NSSF ni 10% ya ghafi, yaani 100,000. Huu hutolewa kabla ya kodi, hivyo kinachotozwa kodi ni 900,000. Viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 vinasema hivi: 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni 8% ya kinachozidi 270,000, hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na 20% ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na 25% ya kinachozidi 760,000, na juu ya hapo ni 128,000 pamoja na 30% ya kinachozidi 1,000,000. Karani wetu yuko daraja la nne: 68,000 kuongeza 25% ya 140,000. PAYE yake ni 103,000.

Ana mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) pia. Makato yake ni 15% ya mshahara wa msingi, si ya ghafi, kwa hiyo 120,000, na hayapunguzi kipato kinachotozwa kodi. Mkononi anabaki na 677,000.

Mwajiri naye anatoa vyake juu ya mshahara: NSSF 10% nyingine (100,000), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5% ya ghafi (5,000), na kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi). Kiwango cha SDL kilishushwa kutoka 4% hadi 3.5% mwezi Julai 2023, na mfano huu unatumia hicho cha 3.5%: 35,000. Kila Sheria ya Fedha mpya inapoanza kazi tarehe 1 Julai, viwango vyote hivi vihakikiwe upya kabla ya kufunga mishahara ya mwezi huo.

Jarida la mwezi kwa karani huyu linasomeka hivi:

Debiti: Mishahara na posho 1,000,000
Debiti: NSSF ya mwajiri 100,000
Debiti: WCF 5,000
Debiti: SDL 35,000
Krediti: PAYE inayodaiwa 103,000
Krediti: NSSF inayodaiwa 200,000
Krediti: HESLB inayodaiwa 120,000
Krediti: WCF inayodaiwa 5,000
Krediti: SDL inayodaiwa 35,000
Krediti: Mishahara inayodaiwa 677,000

Kila upande ni 1,140,000. Angalia mpangilio wa krediti: kila anayedai ana akaunti yake. Ofisi nyingi hufungua akaunti moja tu iitwayo "makato ya kisheria" na kutupia kila kitu humo, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kusema salio la 412,000 ni la nani. TRA wanalipwa tarehe 7 ya mwezi unaofuata kwa PAYE na SDL, HESLB tarehe 15, NSSF na WCF wana muda hadi mwezi huo uishe. Tarehe zinatofautiana, kwa hiyo na akaunti zitofautiane.

Malipo yanapofanyika, debiti inaenda kwenye akaunti ya deni, si kwenye gharama. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea, na hutokea katika njia zote tatu. Anayelipa kupitia benki anaona "TRA 103,000" kwenye taarifa ya benki, anachagua "gharama za kodi" kwenye programu, na gharama ya mshahara inahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya ghafi, mara ya pili kama kodi. Faida inashuka kwa uongo, na deni la PAYE linaendelea kukua kwenye mizania ingawa umelipa kila mwezi. Fungua sasa hivi leja (orodha ya maingizo ya akaunti) ya PAYE inayodaiwa. Kila krediti ya tarehe ya mwisho wa mwezi iwe na debiti yake yenye kiasi kile kile siku chache baadaye, na salio baada ya tarehe 7 liwe sifuri. Kama si sifuri, tafuta sababu kabla ya kufikiria kubadili programu.

Vigezo

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo manne: usahihi wa hesabu ya kila mfanyakazi, hasa yale matukio yasiyo ya kawaida, namna namba zinavyofika kwenye leja, wepesi wa kubadilisha viwango bila kuharibu miezi iliyopita, na ritani pamoja na ulinzi wa taarifa za watu.

Gharama ya fedha haikuwekwa kama kigezo peke yake kwa sababu bei za leseni hubadilika, na kwa sababu gharama halisi ni saa za mtu anayefanya kazi hiyo.

Njia ya kwanza: Excel, kisha jarida moja

Hesabu. Excel inafanya sawasawa kile ulichoandika, kwa hiyo usahihi wake ni usahihi wa fomula. Epuka mlolongo mrefu wa IF ndani ya IF; ukikosea mabano moja, daraja moja zima linapotea na huoni. Fomula fupi inayofanya kazi kwa madaraja yote, ikiwa kipato kinachotozwa kodi kiko seli F5, ni hii:

=ROUND(MAX(0,F5-270000)*8%+MAX(0,F5-520000)*12%+MAX(0,F5-760000)*5%+MAX(0,F5-1000000)*5%,0)

Asilimia 12, 5 na 5 ni nyongeza ya kila daraja juu ya lililotangulia. Ijaribu kwa 900,000, ikupe 103,000. Kwa 1,000,000 ikupe 128,000. ROUND usiiache. Bila hiyo seli inaonyesha shilingi kamili lakini ndani yake imebeba senti, na jumla ya watu ishirini inapishana na jarida kwa shilingi mbili tatu zinazomaliza asubuhi nzima kuzitafuta.

Uzuri wa Excel ni kwamba tukio lolote la ajabu lina nafasi. Mwalimu anayefundisha kwako kama ajira ya pili hukatwa 30% bila madaraja: safu moja ya "aina ya ajira" inamaliza. Meneja anayetumia gari la kampuni la injini ya sisi 2,500 lenye zaidi ya miaka mitano, ambalo kampuni inadai gharama zake, anaongezewa 500,000 kwa mwaka kwenye kipato kinachotozwa kodi, yaani 41,667 kwa mwezi. Fedha hiyo hapewi mkononi. Weka safu inayoingia kwenye kipato cha kodi lakini isiyoingia kwenye ghafi ya kulipwa, na umemaliza.

Na yule mwajiri aliyemwahidi fundi "laki saba mkononi"? Kwenye Excel unatumia kifaa cha kutafuta lengo (Goal Seek), unakiambia mkononi iwe 700,000, kinakurudishia ghafi ya karibu 856,300. Waajiri wengi hushtuka wakiiona namba hiyo, maana bado hawajaongeza NSSF yao ya 85,630. Mwajiri na aione kabla hajatoa ahadi.

Udhaifu mkubwa wa Excel ni malipo mawili ndani ya mwezi mmoja. Mishahara inalipwa tarehe 25, bonasi inalipwa tarehe 30 kwenye karatasi mpya. Mtu mwenye kipato cha kodi cha 500,000 anakatwa 18,400; bonasi ya 300,000 iliyobaki baada ya NSSF, ikihesabiwa peke yake, inakatwa 2,400. Jumla 20,800. Lakini kodi ni ya mwezi, si ya karatasi: 800,000 kwa pamoja hukatwa 78,000. Pengo ni 57,200 kwa mtu mmoja, na mbele ya TRA pengo hilo ni la mwajiri.

Leja. Jumla za safu zinaingizwa kwa jarida lile la juu, mara moja kwa mwezi. Tumia jarida la mfano linalojirudia ili majina ya akaunti yasibadilike, ubadilishe kiasi tu. Liandikwe kwa tarehe ya mwisho ya mwezi wa mshahara hata kama umelipa tarehe 3. Jarida la Januari likibeba tarehe ya Februari, gharama na ritani za miezi miwili hazitapatana. Kwa watumiaji wa programu ya uhasibu ya QuickBooks hapa nchini hii ndiyo njia ya kawaida, kwa sababu huduma yake ya mishahara imetengenezwa kwa sheria za nchi chache kama Marekani, wala haijui NSSF wala madaraja yetu.

Mabadiliko. Asilimia ziandikwe kwenye karatasi ya viwango, fomula zizisome huko, na kila mwaka wa fedha uwe na faili lake. Ukibadilisha kiwango kwenye faili moja la miaka yote, mishahara ya zamani nayo inajihesabu upya, na hati uliyompa mfanyakazi mwaka jana haifanani tena na kilichomo kwenye kompyuta.

Ritani na ulinzi. Orodha ya TRA, ya NSSF na ya HESLB unaziandaa mwenyewe kwa kunakili safu. Kazi hii inavumilika kwa watu wanane. Kwa watu arobaini makosa ya majina na namba za uanachama huanza kuonekana. Faili la Excel hutumwa kwa WhatsApp, huachwa kwenye flashi, hufunguliwa kwenye kompyuta ya kaunta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa hata ukiwa na mfanyakazi mmoja. Weka nenosiri la kufungulia faili, na hati ya mshahara ya kila mtu itoke peke yake.

Inamfaa mwenye watu wachache wasiobadilika sana, au mwenye mhasibu anayeijua Excel kweli. Haimfai anayepokea faili lililotengenezwa na mtu aliyekwisha kuondoka na ambalo hakuna anayethubutu kugusa fomula zake.

Njia ya pili: moduli ya mishahara ndani ya programu ya uhasibu

Hesabu. Wengi mjini Tanga wenye moduli hii wanatumia programu ya Tally, na wengi wao wameinunua wakidhani itakuja na PAYE. Sehemu zake za kisheria zilizo tayari ni za India. Hapa unajenga mwenyewe vichwa vya malipo: mshahara wa msingi, posho, NSSF ya mfanyakazi, PAYE, HESLB, na vile vya mwajiri. Ukijenga vizuri mara moja, miezi inayofuata ni ya kubonyeza tu.

Matatizo hujificha mahali pawili. La kwanza ni msingi wa hesabu. Kichwa cha PAYE kihesabiwe juu ya mapato yote kutoa NSSF ya mfanyakazi. Ukikielekeza kwenye mapato pekee, karani wetu atakatwa 128,000 badala ya 103,000, na mfanyakazi wa 300,000, ambaye baada ya NSSF anabaki na 270,000 kamili na hapaswi kukatwa kitu, atakatwa 2,400. Kiasi ni kidogo, kwa hiyo hakuna anayelalamika hadi anapojitokeza mmoja anayejua hesabu. Vivyo hivyo HESLB ielekezwe kwenye mshahara wa msingi peke yake.

La pili ni madaraja. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fungua mfanyakazi wa majaribio wa ghafi 1,000,000 na uangalie PAYE. Ikitoka 103,000, sawa. Ikitoka 225,000, programu imezidisha kipato chote kwa 25% badala ya kile kinachozidi 760,000. Rudi ukaandike kila daraja kwa kiasi chake cha kuanzia. Jaribu pia ghafi 300,000 (kodi sifuri) na 1,500,000: NSSF 150,000, kinachotozwa kodi 1,350,000, PAYE 233,000. Majaribio haya matatu yanagusa mahali karibu kila kosa la usanidi lilipo. Kila kichwa cha makato kiwekwe kikadirie hadi shilingi kamili.

Kwa matukio yasiyo ya kawaida moduli ni ngumu kuliko Excel. Faida ya gari inahitaji kichwa kinachoongeza kipato cha kodi bila kuongeza malipo, na ajira ya pili inahitaji kundi la wafanyakazi lenye kichwa chake cha PAYE cha 30%. Malipo mawili ndani ya mwezi yajaribiwe kwanza: kuna moduli zinazojumlisha mwezi mzima na kuna zinazohesabu kila vocha peke yake.

Leja. Hapa ndipo moduli inapolipa gharama yake. Kila kichwa kimefungwa kwenye akaunti, kwa hiyo ukipitisha mishahara, PAYE, NSSF na HESLB zinatua kwenye akaunti zake bila mtu kuandika kitu. Advansi nayo: mfanyakazi aliyechukua 50,000 katikati ya mwezi ana deni kwa jina lake, na moduli inalikata yenyewe. Kwenye Excel, advansi hiyo mara nyingi huandikwa kama mshahara siku ilipotoka, kisha inahesabiwa tena ndani ya ghafi mwisho wa mwezi.

Lakini kichwa kikifungwa kwenye kundi lisilo lake, kosa linajirudia kila mwezi kimya kimya. Makato ya mfanyakazi yawe chini ya madeni ya muda mfupi. Mchango wa mwajiri uwe na pande mbili, gharama na deni. Baada ya mwezi wa kwanza chukua kalamu, linganisha vocha ya moduli na jarida la juu, mstari kwa mstari.

SDL isimamie wewe mwenyewe. Moduli haitakuambia kwamba mwezi huu umefika mfanyakazi wa kumi.

Mabadiliko. Kwenye Tally, kila fomula ya kichwa ina tarehe ya kuanza kutumika. Kiwango kikibadilika, ongeza mstari mpya wenye tarehe 1 Julai, usifute wa zamani. Ukifuta na mtu akafungua tena vocha ya Mei, itahesabiwa kwa kiwango kipya.

Ritani na ulinzi. Taarifa ya kila mfanyakazi inatoka mara moja na inaweza kupelekwa Excel ili ipangwe kwa mfumo unaotakiwa na taasisi husika. Haki za watumiaji zinakuwezesha kumfungia muuza duka asione mishahara, mradi kweli umeziweka. Duka ambalo watu wote wanaingia kwa jina moja la mtumiaji halina ulinzi wowote. Programu iliyo kwenye kompyuta inafanya kazi hata mtandao ukikatika, ila umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi unaweza kuharibu data: weka UPS (betri ya kushikilia umeme), na nakala ya akiba kila mwisho wa siku ya mishahara, ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo.

Inamfaa mwenye programu hiyo tayari, mwenye watu kati ya kumi na mamia kadhaa wa mishahara ya mwezi, na mwenye mtu wa kuisanidi anayezijua sheria zetu, si programu tu.

Njia ya tatu: programu ya mishahara iliyo pembeni

Hizi ni programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mishahara peke yake, zikiwemo zilizoandikwa kwa sheria za Tanzania. Vitabu vyako vinabaki kwenye programu nyingine, na mwisho wa mwezi unahamisha muhtasari.

Hesabu kwa kawaida ni nzuri, kwa sababu madaraja, NSSF na HESLB vimeshawekwa. Bado majaribio ya 300,000, 1,000,000 na 1,500,000 yafanyike. Muuzaji mzuri atayafanya mbele yako. Nguvu yake halisi iko kwa wafanyakazi wa siku, wa zamu na wa kipimo cha kazi: mahudhurio yanaingia, muda wa ziada unazidishwa kwa moja na nusu, na malipo ya wiki nne yanajumlishwa kabla ya kodi ya mwezi kupigwa. Shamba la mkonge au mkandarasi wa Chongoleani anayelipa vibarua kila Jumamosi akitumia Excel ataishia kumpa mtu mmoja 270,000 zisizo na kodi mara nne kwa mwezi. Na kwa mkandarasi, vibarua nao wahesabiwe kwenye jumla ya malipo inayotozwa SDL.

Leja ndiyo sehemu dhaifu. Programu mbili hazizungumzi zenyewe. Kuna jarida la kuingiza, kwa mkono au kwa faili. Majina ya akaunti pande zote mbili yafanane herufi kwa herufi, vinginevyo faili linakataliwa au linafungua akaunti mpya na ghafla una "PAYE inayodaiwa" mbili. Tatizo lingine: baada ya jarida kuingia, mtu anasahihisha mshahara mmoja kwenye programu ya mishahara na haliingizi tena. Mwezi ukishahamishwa, ufungwe. Masahihisho yaende mwezi unaofuata.

Viwango vinapobadilika, msambazaji huleta toleo jipya. Muulize kabla ya kununua: mabadiliko ya Julai huja lini, yanalipiwa, na je naweza kubadilisha kiwango mwenyewe akichelewa? Kama jibu la mwisho ni hapana, mishahara yako ya Julai iko mikononi mwake.

Ritani na hati za mshahara ni eneo ambalo njia hii huzishinda mbili zilizotangulia. Taarifa nyingi hutoka zikiwa zimepangwa tayari. Kama programu iko kwenye mtandao, hakikisha unaweza kupakua kumbukumbu zote. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano, na usajili ukikoma usije ukafungiwa nje ya taarifa zako mwenyewe.

Baadhi ya biashara humpa kazi hii mhasibu wa nje. Ni njia hii hii kwa sura nyingine: hesabu iko kwake, jarida liko kwako. Mdai orodha ya kila mfanyakazi, si jumla tupu. Na ukumbuke kwamba adhabu ya kuchelewa humwangukia mwajiri hata kama aliyechelewa ni mhasibu huyo.

Kwa hali yako

Una watu chini ya kumi, mishahara ni ile ile: kaa na Excel. Tumia fomula ya hapo juu, jarida la mfano, na akaunti tofauti kwa kila anayedai. Fedha ya leseni itumike kumlipa mhasibu apitie leja zako kila miezi mitatu.

Una watu wanane au tisa na unaajiri: njia inaweza kubaki ile ile, lakini safu ya SDL iwekwe leo ikiwa na sifuri. Hoteli na migahawa hupita kumi kimya kimya wakati wa msimu.

Tayari una Tally na watu kumi na tano hadi hamsini wa mshahara wa mwezi: washa moduli. Tenga wiki mbili za kusanidi na kujaribu, na usiunganishe kazi hiyo na kufunga mwaka.

Una QuickBooks: chagua kati ya Excel na programu ya pembeni. Watu ishirini na tano wa shule wenye mikopo ya HESLB, kila mmoja na mshahara wake wa msingi, tayari wanaelemea upande wa programu ya pembeni. Chini ya hapo Excel inatosha.

Unalipa kwa siku, kwa wiki au kwa kipimo cha kazi: programu ya pembeni yenye mahudhurio, au moduli iliyothibitishwa kwamba inajumlisha mwezi. Ukilazimika kubaki na Excel, kila kibarua awe na mstari mmoja wa mwezi wenye safu za wiki, na PAYE ipigwe mara moja tu mwishoni.

Una viongozi wenye magari, nyumba za kampuni au mikataba ya "mkononi": hata ukiwa na moduli, hesabu ya watu hao watatu au wanne ifanyike Excel kwanza, kisha moduli ithibitishe.

Ukiamua kuhama, hamia Januari ili jumla za mwaka mzima za kila mfanyakazi zikae mahali pamoja. Novemba na Desemba endesha njia zote mbili sambamba, ukilipa kwa ile ya zamani. Linganisha PAYE ya kila mtu, si jumla peke yake, maana kosa la kuzidi kwa mmoja na la kupungua kwa mwingine hufichana. Njia mpya ianze na masalio ya madeni ya tarehe 31 Desemba: PAYE na SDL za Desemba zitakazolipwa tarehe 7 Januari, HESLB ya tarehe 15, NSSF, WCF, na advansi za kila mfanyakazi kwa jina lake.